Zamu ya Mguu

Devota Kihwele hakuwa na cheti cha ufundi. Alikuwa na sanduku la spana, banda la mabati kando ya barabara pale Igowole, na kwenye mkono wa sanduku lile alikuwa amefunga kwa waya kidude cha shaba, cha mviringo, chenye springi katikati. Watu wakimuuliza ni nini hicho, alijibu, "Cheti changu," akaendelea na kazi. Wengine walidhani ni hirizi. Acha wadhani. Mwanamke anayelala chini ya magari, hata akivaa rozari wataisema.

Kwamba yeye ni fundi kweli, hilo halikuwa na ubishi kichwani mwake. Miaka mitatu alifanya kazi Ruaha Mbuyuni, chini kule kwenye joto, katika gereji ya fundi Rabson, mtu mkali asiyejua kusifia. Aliporudi kwao Mufindi alitegemea wampokee kwa vigelegele na magari mabovu. Wapi. Walimletea pancha. Pancha za bodaboda, pancha za baiskeli, na siku moja, nakuapia, pancha ya toroli. Gari likiharibika sawasawa walilifunga kamba wakalivuta hadi Mafinga, likipita mbele ya banda lake polepole, na mwenye gari anampungia mkono kwa adabu zote. Devota naye anapunga, huku anasaga meno.

Sasa pale Igowole kuna kikundi cha akina mama wanaofuga ng'ombe wa maziwa. Mwenyekiti wao ni Mama Juliana Chaula, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na daftari kubwa. Kikundi kina magari matatu, yote makongwe, na kongwe kuliko yote ni pikapu nyeupe waliyoipa jina la Shangazi. Kila alfajiri Shangazi huzunguka vituoni kukusanya madumu ya maziwa, kisha huyapeleka Mafinga. Na Shangazi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakujua kusimama. Akitembea, hana neno. Dereva akiinua mguu kwenye mafuta, mngurumo unashuka, unashuka tena, boneti linatetemeka, kisha kimya. Mafundi wana neno lao, wanasema sailensi iko chini. Maana yake gari likiwa limesimama na hakuna anayekanyaga mafuta, injini haina nguvu ya kujishikilia yenyewe. Na akishazima asubuhi ya baridi, kumwasha ni shughuli ya kusukumwa na watu sita.

Basi akina mama wale, ambao hawashindwi na jambo, wakabuni dawa yao. Kila kituo, dereva Amos akitelemka kupakia madumu, lazima mtu akae kwenye usukani akanyage mafuta kidogokidogo mpaka Amos arudi. Mama Juliana akafungua daftari akaliandika jambo hilo kama yanavyoandikwa mambo mengine. Zamu ya kufagia. Zamu ya kupima maziwa. Zamu ya mguu. Pembeni majina, pembeni siku. Mgeni aliyelisoma daftari lile angedhani akina mama wana timu ya mpira.

Mwaka mzima ukaenda hivyo. Aliyeshika zamu nyingi kuliko wote alikuwa Mama Tumpe, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeolewa huku Mufindi, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya kwanza njiani na akishapanda gari haoni sababu ya kushuka. Goti lake la kulia likaanza kuuma. Akalifunga kitenge, akaendelea kukanyaga.

Usidhani hawakutafuta fundi. Walitafuta watatu. Wa Mafinga alibadilisha plagi. Aliyetoka Mgololo aliosha kabureta. Wa Makambako alikaza skrubu ya sailensi mpaka ikagoma, akasema kabureta yenyewe imekufa, iagizwe nyingine Mbeya. Kila mmoja alipoondoka Shangazi alichangamka siku mbili, ya tatu akarudi kulekule.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, ukungu bado haujaondoka barabarani, Mama Juliana alisimama mbele ya banda na daftari lake kwapani.

"Kamwene, Devota."

"Kamwene, mwalimu. Karibu kigoda."

"Sikai. Keshokutwa Ijumaa saa nne tuna kikao. Wengi wanataka magari yote matatu tuyakabidhi kwa gereji moja ya mjini. Nikawaambia tuna binti hapahapa, anatuzibia pancha kila siku, mbona hatumjaribu. Wakacheka."

Devota alijua nani na nani waliocheka.

"Nami sibishani na watu wanaocheka," alisema Mama Juliana. "Nataka niwaonyeshe. Ukimponya Shangazi kabla ya kikao, magari matatu ni yako na jina lako linaingia humu. Usipomponya, mwanangu, sitakuwa na la kuwaambia. Yataenda mjini."

Devota alitaka kuruka, alitaka kumkumbatia mwalimu na daftari lake. Badala yake alifuta mikono kwenye ovaroli polepole, kama mtu ambaye kila wiki anapewa magari matatu.

"Mleteni kesho akitoka Mafinga," alisema. "Njooni naye moja kwa moja. Msimpumzishe popote."

Mama Juliana alipopotea kwenye ukungu, fundi wetu alicheza peke yake ndani ya banda mpaka akapiga kichwa kwenye bati.

*

Alhamisi saa sita mchana Shangazi aliingia. Amos kwenye usukani, Mama Tumpe pembeni yake na goti lake la kitenge. Amos ni mtu wa makamo asiyeongea sana, lakini kiatu chake cha kulia kilisema yote: kimelika mbele kwa sababu ya breki na kimelika kisiginoni kwa sababu ya mafuta, maana alishajifunza kukanyaga vyote viwili kwa mguu mmoja.

"Inua mguu," Devota alisema.

"Atazima."

"Ndicho ninachotaka kuona."

Amos akainua. Mngurumo ukashuka, Shangazi akatetemeka, akafa. Devota akatabasamu. Mama Tumpe alimwambia Amos baadaye kwamba hajapata kuona mtu anafurahia msiba namna ile.

Akaanza. Alichomoa plagi, zote nyeusi kwa masizi. Maana yake petroli inayoingia ni nyingi kuliko hewa. Akachungulia ndani ya gari kujua kwa nini, akakuta kitufe cha choki kimevutwa nje na kimebanwa na kibanio cha nguo.

"Hiki nacho?"

"Fundi wa Makambako alisema nisikitoe," Amos alijibu. "Nikikitoa hata zamu ya mguu haisaidii."

Choki ni ya kuwashia gari likiwa baridi. Inabana hewa ili petroli izidi, injini ishike. Injini ikipata moto unairudisha, basi, kazi yake imekwisha. Sasa gari gani hili lililotembea saa nzima kutoka Mafinga na bado linataka choki kama ndiyo kwanza limeamka? Swali hilo lilimkaa Devota kichwani, lakini hakulirukia. Fundi Rabson alikuwa akimpigia ukelele kila aliporukia jambo. Kwanza ondoa yanayowezekana.

Akasafisha plagi. Akafungua kabureta, safi, yule wa Mgololo alifanya kazi ya haki. Akakagua kisafisha hewa, kizima. Akamwomba Amos awashe na Mama Tumpe akanyage, naye akanyunyizia maji kidogo kidogo kuzunguka kabureta na kila kimpira cha hewa, akisikiliza kama mngurumo utabadilika. Kungekuwa na tundu linalovuta hewa ya wizi, mngurumo ungebadilika. Haukubadilika. Akapima mwanya wa pointi kwenye distributa, uko sawa. Akakaza hiki, akalegeza kile. Sawa. Sawa. Sawa.

Mwingine angekata tamaa. Devota ndiyo kwanza alizidi kuchemka. Kila kilichokuwa kizima kilimpunguzia maficho, na adui alikuwa humohumo ndani ya boneti, amejibanza. Alikuwa anaimba, tena wimbo wa kwaya, sauti ya pili, na hakujijua kwamba anaimba.

Saa kumi alinyanyuka, akajinyoosha mgongo, akamwona Mama Tumpe amekaa kwenye usukani anajisugua goti. Hapo ndipo ilipomjia. Mafundi watatu wameligusa gari hili. Je, kuna aliyemuuliza mtu ambaye mguu wake ulikaa juu ya ugonjwa mwaka mzima?

"Mama, hebu niambie. Huo mguu unachoka lini?"

"Kila siku, mwanangu."

"Hapana, saa ngapi? Wapi?"

Mama Tumpe alifikiri, na alipofikiri alifumba macho, maana alikuwa anauuliza mguu. "Asubuhi ya ukungu ndiyo mbaya. Hapo nakanyaga hasa. Siku ya jua naye anapungua ukorofi. Kuna siku tulipeleka maziwa Iringa, mchana wa jua kali, tukakwama kwenye foleni karibu saa nzima. Sikukanyaga hata. Nilisinzia, muulize Amos."

"Alikoroma," Amos alisema.

"Na mlima?" Devota alikuwa amemsogelea, spana bado mkononi.

"Tukimaliza kupanda mlima anatulia kidogo. Tukishuka bondeni tu, anakata roho."

Devota aliiacha ile spana ikaanguka. Akamwomba Amos awashe na Mama Tumpe akanyage robo saa nzima, ndipo akaenda mbele ya gari, akaukamata mpira mnene wa juu, ule unaotoa maji kwenye injini kuyapeleka kwenye rejeta yapoe. Kwenye gari zima lililonguruma muda huo, mpira huo huwezi kuushika ukahesabu tatu. Aliushika. Akahesabu mpaka ishirini. Ulikuwa na uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto.

"Amos, mshale wa joto unasomaje?"

"Huo ulikufa zamani. Tangu tumnunue umelala chini kabisa, haujawahi kunyanyuka."

Devota akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika boneti. "Haujafa," alisema. "Mwaka mzima huo mshale unawaambia ukweli, nyie mnauita maiti. Shangazi hana ugonjwa wa sailensi. Shangazi anasikia baridi."

Akawaeleza, na alipoeleza mikono yake haikutulia. Injini inataka joto lake ndipo petroli iungue vizuri. Ikiwa baridi, petroli inaingia kama matone, nusu inaungua, nusu inakuwa masizi, nguvu hakuna, na mguu ukiondoka injini inakufa. Kwa hiyo kila gari lina kidude kinachoyazuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wanakiita thamostati. Hicho cha Shangazi ama kimekwama wazi, ama hakimo kabisa, maji yanazunguka yanapoozwa tangu dakika ya kwanza. Milima ikimchosha anapata moto kidogo, mteremko unaupuliza wote.

"Ndaga fijo," alisema Mama Tumpe, shukrani ya kwao Tukuyu. "Kumbe mguu wangu una akili kuliko mafundi."

Amos alikuwa na maziwa ya jioni, hakuweza kungoja. Wakakubaliana kesho saa tatu, Amos akiwahi kurudi kutoka Mafinga, saa moja kabla ya kikao. Devota alipiga simu kwenye duka la vipuri Mbeya. Thamostati ipo, lakini itafika na basi la Jumamosi. Jumamosi. Kikao ni Ijumaa.

Alikata simu, macho yakatua kwenye mkono wa sanduku lake, pale kidude cha shaba kiliponing'inia.

Maana cheti chake, sasa nikwambie, kilikuwa thamostati. Ruaha Mbuyuni wana desturi yao. Gari lolote linalobeba nyanya au vitunguu kupanda Kitonga huchemka, kwa hiyo mafundi wa chini kule, kabla gari halijaanza mlima, huliondolea thamostati maji yapite huru, kisha huitupa. Fundi Rabson hakutupa, alizitunga kwenye waya mlangoni, makumi kwa makumi, tangazo la kazi yake. Kule chini hakuna ubaya. Joto la kule litaipasha hata injini isiyotaka. Devota alitoa nyingi sana. Ile ya kwanza kabisa aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe, bila mtu kumsimamia, fundi Rabson alimrushia akamwambia, "Shika. Hicho ndicho cheti chako." Yalikuwa maneno mazuri pekee aliyowahi kuyapata kwake.

Aliufungua ule waya. Kwa magari matatu atakitoa cheti chake, akiomba kienee.

*

Ijumaa saa tatu na dakika kumi Shangazi alikuwa bandani. Devota alimwaga maji, akatoa mpira wa juu, akabaki na kifuniko kidogo cha chuma kilichoshikwa na boliti mbili. Spana namba kumi na mbili ikafungua boliti ya kwanza kwa raha. Akaihamishia kwenye ya pili.

Haikuingia.

Na mkono wake, bila kuuliza kichwa, ukaenda kwenye sanduku ukachukua namba kumi na nne. Ikaingia sawasawa. Devota akasimama hivyohivyo, spana mkononi.

Alikwangua kwa ukucha rangi nyeupe kwenye bawaba ya boneti. Chini yake kulikuwa na bluu.

Pikapu ya bluu. Mwenye nayo aliitwa Dastan, mkulima wa vitunguu. Miaka sita iliyopita. Boliti ilimkatikia Devota mkononi siku ile, akalia, akaichokonoa saa mbili nzima, akatafuta nyingine, ikapatikana ya kichwa kikubwa zaidi, namba kumi na nne. Akafungua kifuniko sasa huku anajua atakachokiona. Ndani hamkuwa na kitu. Gasketi ilikuwa karatasi ngumu ya boksi iliyokatwa kwa mkasi, kona moja imepinda. Ile kona aliipinda yeye.

"Kuna nini, mwanangu?" Mama Tumpe aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Thamostati haimo," Devota alisema. Hakuthubutu kumtazama goti.

Na akina mama walishaanza kufika. Kikao kilikuwa kifanyike ofisini, lakini nani angekaa ofisini wakati Shangazi amefunguliwa tumbo? Walikuja na vitenge mabegani, Mama Juliana na daftari, na Blandina wa mgahawa wa jirani, mwanakikundi aliyecheka kuliko wote Devota alipotajwa. Devota hakuwa na nafasi ya kulia. Saa nne kasoro dakika ishirini na tano.

"Dada Blandina, nipe sufuria ya maji yanayochemka."

"Ya chai?"

"Yoyote."

Alikitumbukiza kile kidude kwenye sufuria, kikining'inia kwa waya wake. Miaka sita kimeliwa na vumbi. Ikiwa kimeganda, hakifunguki, ni bure. Vichwa ishirini viliinama juu ya jiko la mkaa. Sekunde thelathini, hakuna. Dakika, hakuna. Blandina akasema sufuria yake imeharibika bure. Kisha katikati ya kile kidude kikatokea mstari mwembamba, ukapanuka, springi ikabonyea, na shaba ikafunguka mdomo wazi ndani ya maji. Akina mama wakaguna kwa pamoja. Devota alikitoa nje, wote wakakitazama kikipoa na kujifunga polepole.

"Kumbe kizima," alisema Mama Juliana kwa sauti ya mwalimu anayeona jibu sahihi.

Kikaingia mahali pake kama kilikuwa kimetoka jana. Devota alikata gasketi mpya, safari hii kona zote nne zimenyooka. Boliti ya kumi na mbili, boliti ya kumi na nne. Maji. Akailegeza ile skrubu ya sailensi aliyoikaza wa Makambako. Amos akawasha, Mama Tumpe akapanda kukanyaga, na wote wakangoja. Saa nne ilifika, ikapita, hakuna aliyetaja kikao.

"Unatembea," Amos alisema ghafla.

"Nini?"

"Mshale. Mshale unatembea."

Walisukumana dirishani. Mshale uliokuwa maiti mwaka mzima ulikuwa umenyanyuka kutoka chini, taratibu, mpaka katikati. Devota alipenya akachomoa kibanio cha nguo, akairudisha choki ndani. Shangazi hakustuka.

"Mama Tumpe," alisema. "Inua mguu."

Mama Tumpe aliinua kama mtu anayetoa mguu juu ya yai. Mngurumo ukashuka kidogo, ukajishika, ukakaa. Akafungua mlango, akatelemka. Amos naye akazunguka mbele akasimama na wengine. Ndani ya gari hamkuwa na mtu hata mmoja, na Shangazi ananguruma mwenyewe, tulivu, boneti halitikisiki. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisimamisha bodaboda tatu barabarani. Blandina mwenyewe alipiga kwa mfuniko wa sufuria.

Mama Juliana akafungua daftari, akatoa kalamu. Alishaandika herufi D Blandina aliposema, "Lakini huyo mpumbavu aliyekitoa, mimi ningempata leo ningemkalisha zamu ya mguu mpaka azeeke."

Wakacheka wote. Devota naye alifungua mdomo acheke. Hakuna aliyejua. Fundi Rabson yuko mbali, Dastan yuko mbali zaidi, na gari limepakwa rangi. Akamwona Mama Tumpe ameegemea mlango, anajisugua goti huku anacheka kuliko wote.

"Ni mimi," Devota alisema.

Hawakumsikia vizuri. Ilibidi arudie. "Aliyekitoa ni mimi. Ruaha Mbuyuni, miaka sita iliyopita. Gari lilikuwa la bluu. Ndiyo kazi yangu ya kwanza. Kule tulikuwa tunavitoa vyote kwa sababu ya Kitonga, wala hatukujiuliza gari litaishi wapi baadaye. Hiki nilichokirudisha ndicho chake. Nilikuwa nakiita cheti." Akageukia mlango wa gari. "Mama Tumpe, nisamehe. Sikulijua gari mpaka leo asubuhi."

Kalamu ya Mama Juliana ikasimama. Kikabaki kinasikika kitu kimoja tu, sailensi ya Shangazi.

Mama Tumpe aliacha kusugua goti. "Kwa hiyo mwaka mzima," alisema, "mguu huu ulikuwa unakufanyia kazi wewe."

"Ndiyo, mama."

"Panda."

"Mama?"

"Panda kwenye gari. Leo ni zamu yako. Ukae humo, usikanyage kitu, mpaka kikao kiishe."

Devota akapanda, mlango ukafungwa. Akina mama wakaingia bandani kwake, chini ya mabati yake, wakampa mgongo. Kikao kikaanza. Aliona mikono inarushwa, aliona Blandina anasimama, anakaa, anasimama tena. Hakusikia neno, mngurumo ulikuwa baina yao. Mguu wake wa kulia ulikaa sakafuni, kando ya pedeli, na ulitaka sana kufanya kitu. Aliogopa. Aliogopa kweli, kama mtoto anayengoja matokeo. Na katikati ya woga ule alisikia injini ilivyokaa sawa, mpigo juu ya mpigo, akajikuta anafurahi, haidhuru wataamua nini. Mikono ikanyooshwa juu. Alijaribu kuhesabu, akapoteza hesabu.

Mama Juliana alikuja peke yake, akasimama dirishani, akamwonyesha daftari wazi. Mstari wa zamu ya mguu ulikuwa umefutwa kwa rula, majina na siku zote. Chini yake, kwa mwandiko ule wa ubaoni: Fundi wa magari, D. Kihwele.

"Kesho saa mbili gari la pili linakuja," alisema. "Na hilo, mwanangu, usitoe kitu humo ndani bila kuniuliza."

"Sitoi, mwalimu."

"Haya, telemka. Mama Tumpe anasema zamu imekwisha."

Devota alijifuta macho kwa mkono wenye grisi, akajipaka uso mzima. Kisha akashika ufunguo, akamzima Shangazi. Mwaka mzima gari lile lilikuwa likifa lenyewe. Leo limezimwa.